Rehani, Poni na Pango: Historia Fupi ya Maneno ya Deni la Nyumba

Mfasiri wa mikataba ya mikopo ya nyumba hukutana na maneno ambayo kila mtu huyajua, lakini si kila mtu huyaelewa kwa namna moja. Katika makala haya tutayatazama matatu: rehani, poni na pango. Mfano wetu utatoka Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi iliyo chini yake.

Neno rehani limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kitu anachokabidhiwa mwenye kukopesha mpaka deni lilipwe. Yaani kitu hutoka mkononi mwa mdaiwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaeleza vingine: rehani ya ardhi ni dhamana tu, haihamishi milki. Mdaiwa huendelea kukaa katika nyumba yake au kuipangisha. Mdai hupata haki ya kuiuza iwapo deni halikulipwa. Aidha, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke wa mkopaji. Anayeelewa rehani kwa maana ya kwanza tu huweza kuikimbia benki bila sababu, au kutia saini asichokijua.

Utata huu una historia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 sheria ikatwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuyakalia, nayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Katika lugha ya siasa ya wakati huo mpangishaji aliitwa kabaila au mnyonyaji. Leo huitwa mwekezaji, na nyumba yake kitega uchumi. Benki ya Nyumba, iliyoanza kazi mwaka 1973, ilifungwa mwaka 1995. Hata sheria ya mikopo ya rehani ya mwaka 2008 iliandikwa kwa Kiingereza, maana Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria mwaka 2021 tu. Kwa hiyo maneno ya deni yalikulia mitaani kuliko vitabuni.

Huko mitaani ndiko tunakopata poni: kuweka poni ni kumwachia mkopeshaji redio au baiskeli. Huko pia kodi humaanisha ushuru wa Serikali na vilevile malipo ya mpangaji, hata mtu akiambiwa “lipa kodi ya nyumba” hajui aende kwa nani.

Tuseme mkulima wa Newala anakopa ili ajenge vyumba sita Masasi mjini. Korosho zake huuzwa mnadani kupitia ushirika kwa stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanza mwaka 2007, na fedha humfikia kwa msimu. Mkataba unadai marejesho ya kila mwezi. Miezi ya kiangazi tegemeo lake ni pango. Vyumba vikikaa vitupu, riba haipumziki. Akibanwa, atauza korosho kwa kangomba, kwa bei ya kutupa, nalo deni la nyumba litakuwa limekula shamba. Mtu huyu anastahili kuusoma mkataba na kuelewa, kabla ya kutia saini, ni lini atalipa, riba inahesabiwaje, na akichelewa itakuwaje. Akiyaelewa hayo, anaweza kuomba marejesho yafuate msimu wa mavuno.

Twapendekeza basi: rehani litumike kwa dhamana ya ardhi na nyumba inayobaki mikononi mwa mdaiwa, poni lisidharauliwe, bali lipewe kazi ya kitu anachoshika mkopeshaji, pango liwe malipo ya mpangaji, na kodi iachiwe Serikali. Neno likieleweka nusu, deni hulipwa zima.