Dubu wa Askari wa Polandi

Mwaka 1942 askari wa Polandi waliokuwa wakipita Uajemi walimnunua kwa kijana mmoja mtoto wa dubu aliyefiwa na mamaye. Wakamlea kwa maziwa, wakamwita Wojtek. Mwaka 1944, walipokuwa tayari kuvuka bahari kwenda Italia, wanyama walikatazwa melini. Basi wakamwandika askari. Vita vilipokwisha walikwenda naye Uskochi. Wengi wao hawakurudi kwao, maana nchi ilishikwa na utawala waliouogopa. Mwaka 1947 dubu akawekwa katika bustani ya wanyama mjini Edinburgh, akafa huko mwaka 1963. Rafiki zake walikuwa wakimzuru, wakisema naye kwa Kipolandi. Twaona ya kuwa mkiwa humjua mkiwa mwenziwe.