Lodwar: karibuni kwetu, viti tunatembea navyo

Kila nikimwambia mtu Nairobi kwamba mimi ni wa Lodwar, swali ni lile lile: "Huko kuna nini?" Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi najibu: kuna jua, na kuna vikapu. Halafu namwambia apande basi, ni kama kilomita 700 tu.

Basi leo niwatembeze.

Lodwar ni mji, jamani, si hema mbili na ngamia. Sensa ya 2019 ilitupata zaidi ya 80,000. Tuko kando ya mto Turkwel, vilima vya mawe meusi pande zote, na saa saba mchana hata mbuzi hana haraka. Mgeni akifika, kituo cha kwanza ni nyumba ya Kenyatta. Hapa ndipo Waingereza walipomweka kizuizini kuanzia 1959, baada ya kumaliza kifungo chake kule Lokitaung, hadi Aprili 1961 walipomhamishia Maralal. Nyumba ipo, imehifadhiwa, nendeni mkaione.

Lakini nina neno na hadithi hiyo. Ukiisikiliza vizuri, Lodwar humo ni adhabu. Mahali pa kumtupa mtu. Wakoloni walituona hivyo kweli: mwaka 1918 walituma jeshi, ile operesheni iliyoitwa Labur Patrol, wakaswaga mifugo yetu kwa maelfu, kisha wakaifunga wilaya nzima, mtu wa nje haingii bila kibali. Walikuwa wamepata gereza lisilohitaji ukuta. Ila gereza hilo lilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na maisha. Katika hadithi ya Kenyatta sisi hatumo kabisa. Ni yeye, jua, na askari.

Ndiyo maana mimi mgeni wangu nampeleka sokoni.

Anzia na ekicholong. Ni kiti kidogo cha mbao, kimechongwa kutoka kipande kimoja cha mti, mzee anakibeba mkononi popote aendapo. Mchana anakalia, usiku kinakuwa mto wa kulazia kichwa. Wanaume walikuwa wakisuka nywele kwa udongo na kuzipamba kwa manyoya ya mbuni, kazi ya saa nyingi, na hukubali kazi hiyo iharibike kwa usingizi wa usiku mmoja. Babu yangu hakuwa na udongo kichwani, alikuwa na kofia, lakini hakukaa kwenye kitu kingine mpaka alipokufa. Vile vinavyong'aa kwa rangi ya viatu vimetengenezwa kwa ajili yenu wageni. Chukua kilichochakaa.

Kuna abarait, kisu cha duara kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono kama bangili, makali yamefunikwa kwa ngozi. Cha kukatia nyama, na zamani cha kupigania. Kuna elepit, chombo cha mbao cha kukamulia maziwa. Mtaona kitu kimoja: kila chombo kinabebeka. Watu wanaofuata mvua hawatengenezi kabati.

Sasa vikapu. Vinatoka kwenye mkoma, ule mnazi wa jangwani wenye shina linalogawanyika, sisi tunauita eng'ol. Majani yanachanwa, yanakaushwa, mengine yanachemshwa na magome au mizizi yapate rangi ya kahawia, kisha yanazungushwa na kushonwa duara juu ya duara kwa sindano nene. Bibi yangu alikuwa akikisuka kikapu kimoja cha kadiri kwa siku nne, akiwa na maji, akiwa na jicho zuri, na watoto wakimwacha. Vidole vyake vilikuwa na nyufa ambazo mafuta hayakuziba.

Mwaka fulani niliingia duka moja la zawadi Nairobi, silitaji jina. Nikakuta kikapu, nikakijua kwa ukingo wake, ni cha kwetu. Bei: shilingi 1,800. Bibi alikuwa akiuza cha ukubwa huo 300, na mnunuzi akiwa na lori alikuwa akimwomba apunguze. Muuzaji akaniambia kwa fahari kwamba kimetengenezwa na "jamii za huko kaskazini". Nikamuuliza jamii gani. Akaniuliza kama ninanunua au sinunui. Sikununua.

Na majani yenyewe hayapatikani kama zamani. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa Turkana miaka ya 1980 ili uzuie mchanga, umevamia kingo za mto ambako mikoma ilikuwa imetawala. Wasusi wanatembea mbali zaidi kutafuta majani mapya. Bei ya lori haijui hilo.

Kitu kimoja wageni husahau kuuliza. Mwaka 2011, kule Lomekwi, magharibi mwa ziwa, watafiti walipata zana za mawe zenye miaka milioni 3.3, kongwe kuliko zote zilizowahi kupatikana duniani hadi leo. Mtu wa kwanza kutengeneza kitu kwa mkono, kwa ushahidi tulio nao, alikaa jirani na kwetu. Mwambieni yule wa duka.

Mkija, msianze na bei. Semeni "Ejoka", mkae chini kivulini, subirini amalize mzunguko aliouanza. Akiwatajia 600, toeni 600.