Kutoka Sokoto Hadi Karagwe: Utawala wa Waingereza na Mirathi ya Muislamu

  

Ndugu msomaji, Muislamu anapofariki Bugene au kwingineko Karagwe na Kyerwa, akaacha kibanja cha migomba na kahawa, swali huweza kuzuka baina ya warithi: mali igawiwe kwa Qur'ani au kwa mila ya ukoo? Tusidhani ni ugomvi wa ndugu tu. Swali hili lina historia, na sehemu yake ilianzia Afrika Magharibi.

Sokoto, 1903

Mwezi Machi 1903 majeshi ya Waingereza chini ya Frederick Lugard yaliuteka mji wa Sokoto. Khalifa Attahiru I alihama na wafuasi wake, akauawa vitani Burmi mwezi Julai mwaka huo huo. Lugard hakuwa na watu wala fedha za kutosha kutawala nchi kubwa namna ile. Basi akawaacha maamiri katika viti vyao, lakini chini ya amri ya Mwingereza. Makadhi nao waliendelea kuhukumu kwa fiqhi ya Imam Malik, ila baadhi ya adhabu zilipigwa marufuku. Huo ndio uliitwa utawala usio wa moja kwa moja.

Mfumo wahamia Tanganyika

Baada ya Wajerumani kushindwa, Uingereza ilikabidhiwa Tanganyika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa mwaka 1922. Mwaka 1925 akaja Gavana Donald Cameron, aliyekuwa ametumikia Nigeria kwa miaka mingi. Mwaka 1926 ikatungwa sheria ya mamlaka za wenyeji: mtemi, au Omukama kwa huku kwetu, akawa mkusanya kodi, msimamizi wa hazina na hakimu, naye akawajibika kwa Bwana Shauri. Mwaka 1929 mahakama za wenyeji zikatolewa chini ya Mahakama Kuu, rufaa zikawa zinakwenda kwa maofisa wa utawala.

Hapa ndipo penye tofauti. Kule Hausa, "sheria ya wenyeji" waliyoikuta Waingereza ilikuwa Sharia yenyewe, nayo ilikuwa na makadhi na vitabu. Karagwe walikuta ufalme wa Wahinda. Waislamu walikuwa wamefika zamani: John Hanning Speke alipopokewa na Omukama Rumanyika mwaka 1861, wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na ikulu ya Bweranyange. Lakini Kafuro ilikuwa soko la pembe za ndovu. Haikuacha mahakama ya kadhi. Kwa hiyo mfumo ule ule uliompa Muislamu wa Kano kadhi wa serikali, ulimpeleka Muislamu wa Karagwe kwenye baraza la mila.

Mila yaandikwa

Kisha mila ikaandikwa. Mwaka 1945 Hans Cory na Hartnoll walichapisha kitabu cha sheria za mila za Wahaya, jirani zetu. Mwaka 1963, baada ya uhuru, utemi ulifutwa, lakini Tamko la Sheria za Kimila la mwaka huo likaziimarisha kanuni za urithi za namna ile katika wilaya nyingi. Humo binti yupo daraja la tatu, la mwisho. Na mjane mwenye watoto hana fungu, hutunzwa na wanawe. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi iliyotoka Kagera, iliamua kuwa mwanamke naye anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Hata hivyo kanuni za urithi zilibaki.

Linganisha na Suratun-Nisaa, aya ya 11 na 12. Binti ana fungu lililofaradhishwa, na mjane ana thumni ikiwa marehemu ameacha watoto. Si hisani ya kaka wala ya ukoo; ni haki yake.

Tufanye nini?

Sheria ya Tanzania inaitambua mirathi ya Kiislamu. Pakiwa na mvutano, mahakama huangalia maisha ya marehemu na kauli zake: je, aliishi Kiislamu au kimila? Basi ushahidi uandaliwe mtu angali hai. Ndoa ifungwe kwa cheti. Kila mwenye mali aandike, mbele ya mashahidi, kwamba anataka mirathi yake igawiwe kwa Sharia baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia. Akumbuke kuwa wasia hauzidi thuluthi, wala hauwi kwa mrithi ila warithi wengine wakiridhia.

Maimamu walifundishe hili mapema, kabla ya msiba. Waingereza wameondoka tangu 1961. Binti anayenyimwa fungu lake leo, hanyimwi na Lugard wala Cameron; ananyimwa na sisi.