Ndege wa Tshangalele: miaka 49 bila mtu wa kumhesabu

LIKASI – Mashariki ya mji wa Likasi, upande wa Kapolowe, kuna ndege mdogo ambaye wavuvi wanapita karibu na viota vyake, lakini kwa miaka 49 wataalamu walikuwa hawajamuona tena. Jina lake la kisayansi ni Ploceus ruweti. Ni ndege mfumaji. Dume ana mwili wa manjano na uso mweusi, na kiota chake anakifuma kwa majani kwenye mimea iliyosimama majini. Hajulikani mahali pengine popote duniani isipokuwa katika bonde la mto Lufira.

Historia ya ndege huyu inakwenda pamoja na historia ya Likasi: shaba, umeme, uhuru na vita.

Ziwa lililoletwa na umeme

Ziwa Tshangalele halikuwepo zamani. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilihitaji umeme kwa viwanda vyake vya shaba, ikaziba mto Lufira huko Mwadingusha, kwenye maporomoko yaliyoitwa Cornet. Mitambo ilianza kazi mwaka wa 1930. Maji yakatanda juu ya tambarare, na matete na mafunjo yakaota pembeni. Samaki wakaongezeka, na wavuvi wakafuata. Mwaka wa 1931 mji wa Likasi ukapewa jina la Jadotville, na jina hilo lilidumu mpaka 1966.

Ndege mfumaji hakuzaliwa na ziwa. Miaka 30 haitoshi kutokeza aina mpya ya ndege. Lazima alikuwa akiishi tangu zamani katika mabwawa ya Lufira, na maji ya Mwadingusha yakampanulia makao.

Mwaka wa 1960, Mbelgiji Jean-Claude Ruwet alikuwa akichunguza ndege wa Lufira ya juu. Hapo ziwani alimpata mfumaji mmoja asiyefanana sawasawa na wengine. Lakini mwaka huo mambo yalikuwa mengi. Tarehe 30 Juni Kongo ilipata uhuru, na tarehe 11 Julai Katanga ikatangaza kujitenga. Mwezi wa Septemba 1961, askari wa Katanga na askari wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa walipigana hapa Jadotville.

Ndege wa Ruwet alibaki amehifadhiwa tu. Ni mwaka wa 1982 ambapo wataalamu Michel Louette na C. W. Benson waliandika kwamba ni aina mpya, wakampa jina la Ruwet. Kwa hiyo alipewa jina la kisayansi bila mtaalamu kurudi ziwani kumtafuta.

Miaka ya 1992 na 1993 ilileta msiba mwingine. Familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika Katanga, na stesheni ya Likasi ikajaa watu waliolala nje na watoto wao, wakingoja treni. Vita vya miaka iliyofuata vilihamisha wengine wengi. Wakati watu wenyewe walikuwa hawahesabiwi vizuri, nani angekwenda kuhesabu ndege?

Mwaka wa 2009, Michel Louette na Michel Hasson walirudi Tshangalele, na ndege alikuwepo. Hakuwa amekwenda popote. Kilichokosekana ni mtu wa kutazama na kuandika.

Wengine walifanya nini

Kuhesabu ndege kunaomba pesa: ya mtumbwi, ya daftari, ya darubini, ya chakula cha siku. Kuna nchi ambako hesabu yenyewe ndiyo inayoleta pesa hiyo.

Huko Long Point, nchini Kanada, watu walianza utaratibu mwaka wa 1976. Mhesabuji anawaendea jirani na jamaa kabla ya siku ya hesabu. Kila mmoja anaahidi kiasi fulani kwa kila aina ya ndege itakayoonekana ndani ya saa 24. Siku ikiisha, mhesabuji anaonyesha orodha yake, na walioahidi wanalipa. Pesa inakwenda kwa utunzaji wa ndege.

Nairobi, chama cha elimu ya viumbe kilichoanzishwa mwaka wa 1909, ambacho leo kinajulikana kama Nature Kenya, kina matembezi ya Jumatano asubuhi. Fleur Ng'weno aliyaongoza kwa miaka mingi sana. Asiye mwanachama anatoa ada ndogo, anatembea na wenzake, na anajifunza majina ya ndege.

Huko Mida, pwani ya Kenya, wageni wanalipa kupita kwenye daraja la mbao na kamba katikati ya mikoko ili kutazama ndege. Pesa hiyo inasaidia karo za watoto wa vijiji vya hapo na vya kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke.

Mfano wa Uganda unafanana zaidi na wetu. Katika bwawa la Mabamba, karibu na Entebbe, anaishi yule ndege mkubwa mwenye domo kama kiatu. Waliotoka upande wa mabwawa ya Upemba wanamfahamu. Wavuvi wa Mabamba walimchukia: ukikutana naye asubuhi, walisema, hutapata samaki. Wengine walimuua. Leo wavuvi wa hapo wanapeleka wageni kwa mtumbwi kumuona, na wanalipwa. Mwaka wa 2006 bwawa hilo liliandikwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye maana kwa dunia nzima.

Upande wa Lufira

Bonde la Lufira nalo limeandikwa. Sehemu yake iliwekwa na Unesco kuwa hifadhi mwaka wa 1982, na mwaka wa 2017 bonde likaingia katika orodha ya Ramsar. Lakini karatasi haihesabu ndege. Wakati huohuo, maji machafu ya viwanda vya shaba na kobalti vya Likasi yanashuka kwa mto Panda, yanaingia Lufira, na yanafika ziwani. Watafiti wa Lubumbashi na wa Ubelgiji wameyakuta madini hayo hata ndani ya samaki. Samaki hao ndio wanaoliwa na bukari mjini, na ndio riziki ya familia nyingi zilizokimbia makwao. Matete yakifa, mfumaji anakosa pa kufumia, na samaki wanakosa pa kuzalia.

Wageni wenye darubini ni wachache Katanga, kwa hiyo njia ya Mida itakuwa ngumu kwa sasa. Njia ya Long Point haihitaji mgeni. Jirani akiahidi franka 100 kwa kila aina, na mhesabuji akaona aina 40, jirani analipa franka 4 000. Jirani 20 ni franka 80 000. Jambo gumu ni uaminifu: orodha isomwe mbele ya wote, na pesa ihesabiwe mbele ya wote.

Kazi hii haiulizi mtu ametoka wapi. Aliyezaliwa Kapolowe na aliyefika mwaka jana na godoro kichwani wana macho sawa. Mtoto anayejua kulenga ndege kwa manati tayari anajua ndege anakaa wapi na anatoka saa ngapi.

Mara ya kwanza mfumaji alikaa miaka 49 bila kuandikwa na maji yakamhifadhi. Leo maji yenyewe yanaharibika, na akipotea tena bila hesabu, hakuna atakayejua ni mwaka gani alitoweka.