Sarafu za Papa za Mwaka 1969: Dhahabu ya Nani?

Mwaka jana, kwa muuza vitabu vya mitumba pale Wandegeya, nilinunua katalogi kuukuu ya sarafu za dunia. Nilifungua kwanza kurasa za Uganda, kama mwanafunzi anavyotafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo. Nilitazamia kuona senti na shilingi walizotumia wazee wetu, na kweli nilizikuta. Lakini chini yake niliona kitu ambacho sikuwahi kukisikia darasani: sarafu kumi, sita za fedha na nne za dhahabu, zilizotolewa kwa jina la Uganda ili kukumbuka ziara ya Papa Paulo wa Sita.

Nilimpigia simu Jjajja wangu aliyeko Masaka. Yeye alikuwa Namugongo siku ile. "Jjajja, uliwahi kuziona sarafu za Papa?" Akacheka. "Muzzukulu wange, Papa mwenyewe nilimwona kwa mbali. Dhahabu ningeiona wapi?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike insha hii. Ninataka kuuliza: sarafu yenye nembo ya taifa ilitolewa kwa ajili ya nani?

Tuanze na historia yenyewe. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda kuwa watakatifu mwezi Oktoba 1964. Tarehe 31 Julai 1969 aliwasili Uganda, akawa Papa wa kwanza kuitembelea Afrika akiwa madarakani. Pale Kololo aliwaweka wakfu maaskofu 12 Waafrika, kisha akaenda Namugongo, mahali walipochomwa wengi wa mashahidi. Kwa nchi iliyokuwa na miaka saba tu ya uhuru, hilo lilikuwa tukio kubwa mno.

Fedha ya nchi nayo ilikuwa changa. Benki Kuu ya Uganda ilianza kazi mwaka 1966, na mwaka huohuo shilingi ya Uganda ikachukua nafasi ya shilingi ya Afrika Mashariki. Sarafu za kwanza zilikuwa za senti 5, 10, 20 na 50, pamoja na shilingi 1 na 2. Noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 100. Msomaji aikumbuke noti hiyo, kwa maana ndiyo inayofungua fumbo.

Sarafu za Papa zilitoka zikiwa na mwaka 1969, na nyingine 1970. Za fedha zilikuwa za shilingi 2, 5, 10, 20, 25 na 30. Kila shilingi moja ilibeba gramu mbili za fedha. Za dhahabu zilikuwa za shilingi 50, 100, 500 na 1,000. Yaani ile kubwa ilikuwa na thamani mara kumi ya noti kubwa kuliko zote nchini! Mkulima wa kahawa angeipeleka duka gani, na nani angemrudishia chenji?

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Sarafu ya shilingi 1,000 ina uzito wa gramu 138.24, na asilimia 90 yake ni dhahabu. Hiyo ni karibu gramu 124.4, sawa na wakia nne kamili. Wakati ule bei rasmi ya dhahabu duniani ilikuwa dola 35 kwa wakia, kwa hiyo wakia nne ni dola 140. Dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14 hivi. Zidisha: unapata shilingi 1,000.

Nilirudia hesabu mara tatu kwa sababu sikuamini. Thamani iliyoandikwa juu ya sarafu ilikuwa sawasawa na dhahabu iliyomo ndani yake. Hii haikuwa medali ya ukumbusho tu. Ilikuwa akiba ya dhahabu iliyovikwa nembo ya Uganda. Miaka miwili kabla, Afrika Kusini ilikuwa imetoa Krugerrand, sarafu ya wakia moja ya dhahabu isiyoandikwa thamani yoyote, na wenye fedha duniani walianza kuzoea wazo la kununua dhahabu kwa sura ya sarafu. Uganda haikuwa na kiwanda cha kufua sarafu. Lakini ilikuwa na jina, nembo na mgeni mashuhuri.

Je, wakusanyaji walizipokeaje? Hadi leo wamegawanyika. Wapo wanaozipenda kwa ukubwa wake, kwa uchache wake, au kwa sababu wanakusanya kila kitu kinachohusu mapapa. Wapo pia wanaozidharau wakisema kwamba sarafu ambayo haikuwahi kununua chumvi si sarafu. Mzee mmoja hapa Kampala, ambaye anahifadhi sarafu zake ndani ya albamu ya picha, ni wa kundi la pili. Alinionyesha shilingi ya 1966 iliyosuguliwa hadi nembo yake karibu kufutika. "Hii imefanya kazi," aliniambia. "Zile za Papa zililala tu."

Nilikubaliana naye, mpaka nilipoendelea na hesabu. Mwaka 1971 Marekani iliacha kubadilisha dola kwa dhahabu, na bei ya dhahabu ikaanza kupanda. Shilingi ya Uganda ilienda upande wa pili: vita, magendo na mfumuko wa bei viliila. Mwezi Mei 1987 ilitolewa shilingi mpya, moja kwa kila 100 za zamani, na katika kubadilisha watu walikatwa asilimia 30. Kwa hesabu hiyo, hata kabla ya makato, shilingi 1,000 za mwaka 1969 zikawa shilingi 10, ambazo leo hazinunui hata njiti ya kiberiti. Lakini wakia nne za dhahabu bado ni wakia nne, na katika miaka ya karibuni wakia moja imepita dola 2,000. Kwa hiyo zile zilizolala ndizo zilizobaki na nguvu.

Hapa ndipo hesabu inaponiuma. Babu yangu aliuza kahawa na kuweka noti ndani ya kopo la maziwa, akiamini kwamba akiba haiozi. Jjajja anasema kopo lile lilikusudiwa kujenga nyumba ya mabati. Mwishowe lilinunua sukari na sabuni. Taifa moja, jina moja la fedha, lakini shilingi mbili tofauti: ya karatasi kwa mwananchi, na ya dhahabu kwa mnunuzi aliyeweza kuilipia.

Sisemi kwamba kutoa sarafu zile kulikuwa kosa. Nchi changa ilikuwa na haki ya kujitangaza, na mtu aliyezinunua hakumwibia babu yangu. Ninachosema ni kwamba historia ya fedha isiishie kwenye tarehe na picha za sarafu. Tuulize pia mkono ulioishika.

Kwa Kiganda fedha huitwa ensimbi, na neno hilo maana yake ya kwanza ni kauri, zile simbi zilizotungwa kwenye kamba na kupita mkono hadi mkono kabla ya rupia na shilingi kuja. Babu zetu waliona thamani katika kupita huko. Leo dhahabu ni miongoni mwa bidhaa zinazoongoza katika mauzo ya nje ya Uganda, na Benki Kuu imetangaza mpango wa kununua dhahabu ya wachimbaji wa ndani. Huenda siku moja tukaona sarafu nyingine ya dhahabu yenye nembo yetu. Ikitoka, swali langu litakuwa lilelile nililomuuliza Jjajja kwa simu, na ningependa safari hii asicheke.