Kupima Ufanisi wa Programu za Umma: Funzo la HASHI mkoani Shinyanga, 1986–2004

Tathmini ya programu za umma nchini Tanzania aghalabu huanza na swali la idadi: miche mingapi imeoteshwa, wanakijiji wangapi wamepewa mafunzo. Sehemu hii inatetea hoja kwamba idadi hizo hupima juhudi, wala si ufanisi. Historia ya Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) inathibitisha hoja hiyo.

Serikali ilianzisha HASHI mwaka 1986, kisha ikapata msaada wa Norway. Mkoa ulikuwa umepoteza misitu kutokana na ufyekaji wa vichaka ili kuangamiza mbung'o, upanuzi wa mashamba ya pamba na wingi wa mifugo. Uhamishaji wa watu vijijini katika miaka ya 1970 uliziacha kaya nyingi mbali na ngitili zao, yaani maeneo yanayofungwa wakati wa masika ili yatoe malisho ya kiangazi. Awali programu ilitegemea vitalu vya miche. Baadaye iligeukia ngitili zenyewe, maarifa ambayo Wasukuma walikuwa nayo tayari, zikilindwa kwa sheria ndogo za vijiji na maamuzi ya dagashida.

Matokeo yalikuwa makubwa. Mwaka 1986 ngitili zilizorekodiwa zilikuwa takriban hekta 600. Kufikia mwaka 2004 makadirio yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji 833. Tathmini iliyofuata ilikadiria kwamba ngitili zilimpatia kila mtu thamani ya dola 14 za Marekani kwa mwezi.

Hata hivyo, takwimu hizi zina mipaka mitatu. Kwanza, hekta zilizorekodiwa mwanzoni si lazima ziwe hekta zote zilizokuwepo. Hivyo sehemu ya ongezeko yaweza kuwa ni ongezeko la kumbukumbu. Pili, wastani huficha mgawanyo: mwenye ardhi na ng'ombe wengi hunufaika na ngitili kuliko asiye navyo. Tatu, mipaka ya utawala imebadilika. Wilaya ya Kishapu, yenye makao makuu Mhunze, ilizaliwa mwaka 2002, programu ikielekea ukingoni. Mwaka 2012 Maswa, Meatu na Bariadi zilihamia mkoa mpya wa Simiyu, na Bukombe ikahamia Geita.

Hivyo basi, mtathmini aliyepo Mhunze leo hawezi kulinganisha hali ya sasa na ya mwaka 1986 kwa kutumia jedwali la mkoa. Hana budi kuanzia ngazi ya kijiji, ambako ngitili ina jina, mwenyewe na historia ya migogoro. Asipofanya hivyo, halmashauri itaendelea kurithi sifa za programu bila kujua ni lipi kati ya mafunzo, mvua, sheria ndogo na desturi lililorudisha miti. Na isipojua hilo, haitajua ni lipi la kugharimia miti ikianza tena kutoweka.