Tungule Fupi za Ndoo: Mbegu Iliyozaliwa kwa Kupeana



Bi harusi wa siku hizi mara nyingi hapati nyumba yenye kiwanja. Anapewa chumba na ukumbi ghorofani, au upande mmoja wa nyumba ya wakwe, na nje pana nafasi ya kuanika nguo tu. Lakini jikoni tungule inatakiwa kila siku: ya mchuzi, ya rojo la samaki, ya kachumbari. Leo nimekuleteeni historia ya tungule fupi, zile zinazoweza kuota ndani ya ndoo na kuzaa tunda kubwa la kutosha sufuria. Ni historia ya watu wa kawaida, na aliyefanya kazi ya mwanzo ni mwanamke.

Ilikotoka tungule

Tungule, au nyanya kama wasemavyo wenzetu wa bara, haikuanzia kwetu. Jamaa zake wa porini wako Amerika ya Kusini, upande wa milima ya Andes, na watu wa Meksiko walikuwa wakiilima kabla Wahispania hawajafika huko karne ya 16. Hata jina lake la Kiingereza limetokana na neno la watu hao, tomatl. Mwaka 1544 tabibu wa Italia aitwaye Mattioli aliandika habari zake. Wazungu wengi waliiogopa kwa miaka mingi, kwa sababu ina udugu na mimea yenye sumu.

Mtungule wa asili ni mmea mrefu. Ukiuwacha unapanda mita 2 na zaidi, unataka nguzo, kamba na ardhi. Kwa hiyo tangu zamani wakulima walikuwa wakitafuta mfupi. Fikiria mnazi wa kitamli mbele ya mnazi mrefu: dafu ni dafu, ila moja unalifikia kwa mkono.

Ufaransa, karne ya 19, ulitokea mtungule mfupi wenye shina gumu linalosimama lenyewe, kwenye bustani ya Château de Laye, na kampuni ya mbegu ya Vilmorin ikauuza. Marekani, miaka ya 1880, ikatoka mbegu iitwayo Dwarf Champion. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Isbell ya Michigan ikaichanganya hiyo Dwarf Champion na tungule kubwa sana iitwayo Ponderosa, wakapata New Big Dwarf: mmea mfupi wenye tunda kubwa.

Hapo safari ikasimama. Mwaka 1914 huko Florida uligunduliwa mtungule wa aina nyengine, ambao hufika urefu fulani ukaacha kukua, na matunda yake hukaribiana kuiva. Huo uliwafaa sana wenye mashamba makubwa na viwanda vya kusindika, kwa sababu unavuna kwa pamoja. Mtungule mfupi wa kweli ni tofauti. Wenyewe unaendelea kukua, ila polepole, shina nene, majani ya kijani kilichokoza na yaliyokunjamana kidogo, na unazaa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kwa jiko la nyumbani hivyo ndivyo tunavyotaka, leo tatu na keshokutwa nne. Lakini biashara kubwa haikuwa na haja nao, ukabaki na aina chache tu.

Mwanamke wa Australia na bwana wa Marekani

Katika mji wa Raleigh, North Carolina, alikuwa akiishi bwana aitwaye Craig LeHoullier. Kazi yake ilikuwa kemia, lakini mapenzi yake ni tungule. Mwaka 1990 alipokea kwa posta mbegu za tungule ya rangi ya zambarau kutoka Tennessee, akaipa jina Cherokee Purple, na leo inajulikana dunia nzima. Alikuwa pia akiuza miche, na wanunuzi wakimuuliza jambo moja: sina nafasi, nipande nini kwenye chungu? Jibu lilikuwa gumu. Tungule fupi zilizokuwepo zilikuwa chache, na zile zenye ladha na rangi za kupendeza zote zilikuwa ndefu.

Kupitia mtandao akajuana na mwanamke wa Australia, Patrina Nuske Small, naye mpenzi wa bustani. Mnamo 2005 na 2006 wakaanza kazi ambayo kampuni hazikuifanya: kuoanisha tungule fupi na tungule ndefu zenye ladha. Patrina ndiye aliyefanya uoanishaji wa mwanzo. Ni kazi ya subira na mkono mwepesi, kama kushona shanga kwenye shela. Unalifungua ua kabla halijafunguka lenyewe, unatoa sehemu ya kiume kwa kibanio, kisha unalipaka unga wa ua la mmea mwengine. Ua moja, tunda moja, mbegu chache.

Sasa sikilizeni ajabu ya Mola. Ukioanisha mfupi na mrefu, watoto wote wanatoka warefu. Ufupi hauonekani, kama sura ya bibi inavyomruka mtoto. Lakini ukizipanda mbegu za wale watoto, ufupi unarudi kwa wajukuu, takriban mmoja katika kila wanne. Na mjukuu mfupi unamjua angali mche mdogo, kwa shina nene na majani yaliyokunjamana, kwa hiyo huna haja ya kungoja mpaka uzae.

Tatizo ni kwamba wajukuu hawafanani. Huyu tunda jekundu, yule la kijani, huyu tamu, yule chachu. Ili mbegu itulie, yaani kila ukiipanda itoke ile ile, unachagua ulio bora, unatunza mbegu zake, unapanda tena, vizazi vinane hadi kumi. Kwa mtu mmoja mwenye msimu mmoja kwa mwaka, hiyo ni miaka kumi.

Wao wakapata njia. Marekani kukiwa na baridi, Australia ni kiangazi. Basi mbegu zikawa zinasafiri kwa bahasha: zikivunwa upande mmoja, zinapandwa upande wa pili, vizazi viwili kwa mwaka. Wakajiunga watu wa kujitolea, kila mmoja bustanini kwake, bila malipo. Aliyepata tungule nzuri alipewa heshima ya kuipa jina. Mwaka 2010 mbegu za mwanzo zikaanza kuuzwa na maduka madogo ya mbegu, zikiwemo Rosella Purple na Tasmanian Chocolate. Hivi leo aina zao zimepita 100, za kila rangi.

Kwa nini habari hii inatuhusu

Dada yangu, angalia pakiti ya mbegu dukani. Ikiwa imeandikwa F1, hiyo ni mbegu chotara. Inazaa vizuri, sikatai, na mkulima wa biashara ana sababu ya kuitaka. Lakini ukitunza mbegu zake, watakaotoka ni wale wajukuu wasiofanana, kwa hiyo kila msimu unarudi dukani. Ni kama nguo unayoweza kuivaa lakini hukupewa kipimo chake cha kukatia nyengine.

Mbegu za mradi huu zimetulizwa. Ukizitunza mwenyewe zinarudi zile zile. Na nyingi zimetolewa kwa ahadi iliyoanzishwa Marekani, kwamba yeyote anaweza kuzipanda, kuzigawa, kuziuza na kuzichanganya, ila asimzuie mwengine kufanya hivyo hivyo. Watu walifanya kazi miaka mingi wakaiachia dunia. Sisi tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba anachopanda Muislamu, akila mtu, mnyama au ndege, kwake ni sadaka. Basi na mbegu unayompa jirani usiidharau.

Mwanamke mwenye mbegu yake ana kitu ambacho hakipandi bei sokoni. Pesa ya tungule ni ndogo, lakini ni ya kila siku, na ya kila siku ndiyo inayokula mfuko wa nyumba.

Namna ya kuzipanda

Visiwani kwetu, joto la usiku linaangusha maua ya tungule. Kwa hiyo wakati mzuri ni kusia mbegu mvua za masika zikimalizika, ili zichanue kipupwe.

Sia kwenye kopo lenye udongo mwepesi, kina cha nusu sentimita hadi moja. Weka unyevu, usiloweshe. Baada ya siku 5 hadi 10 zitaota. Zikipata majani ya kweli manne au zaidi, hamishia kila mche kwenye ndoo yake ya lita 20 uliyoitoboa chini, yenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Fukia shina kidogo, litatoa mizizi zaidi. Weka pahala penye jua la saa 6 au zaidi, na mwagilia kwenye udongo, si juu ya majani. Mti utafika kama mita 1 hivi, kijiti kimoja kinatosha. Tungule za mwanzo utaziona miezi 2 na nusu hivi baada ya kuhamisha.

Kutunza mbegu, chagua tunda zuri la mti wenye afya, kamulia mbegu na maji yake kwenye gilasi, ziache siku 2 au 3 mpaka ule utelezi uchache. Osha, anika kivulini juu ya sahani, siku kadhaa mpaka zikauke kabisa. Zifunge kwenye karatasi, andika jina na mwaka, weka pahala pakavu. Zitakaa miaka 4 na zaidi.

Ukitaka kuagiza mbegu kutoka nje ya nchi, pitia kwanza kwa watu wa kilimo, kwa sababu mbegu zina sheria zake za kuingia, kwa kuzuia maradhi ya mimea.

Na mama mwenye binti anayeolewa, katika lile kasha lenye udi, kanga na mkaja, tia na kibahasha cha mbegu. Kanga zitachakaa. Mbegu akizipanda na kuzitunza, atakuja kumpa binti yake.